Dhiraa Nne na Nusu

Kila asubuhi, baada ya kukamua mbuzi na kabla ya kuinjika chai, Asli alipima kina cha kitanda cha mumewe. Alitumia kamba ya kisima, ile aliyoisokota Galma mwenyewe kwa ngozi ya ng'ombe miaka ishirini nyuma, yenye fundo kila baada ya dhiraa moja. Alifunga kijiwe nchani, akakiteremsha ukingoni mwa shimo mpaka kikagusa chini kando ya mguu wa kitanda, akahesabu mafundo, kisha akajazia kwa vidole. Vidole ishirini na vinne ni dhiraa moja. Siku hiyo, mwezi kumi na nne Rajab, alipata dhiraa moja na vidole kumi na vinane. Jana yake ilikuwa dhiraa moja na vidole kumi na vinne.

“Vinne,” alisema.

“Nilijua,” alijibu Galma kutoka chini. “Tangu alfajiri nahisi udongo ukinipisha.”

Asli alichora mistari minne ya mkaa ukutani, pembeni mwa ile mingine, akaenda kuweka chai.

Nyumba yao ilikuwa nyuma ya soko la mifugo la Garsen. Ilikuwa nyumba ya udongo yenye paa la mabati na sakafu iliyopigwa ikashikamana. Ugonjwa wa Galma ulianzia kwenye tezi dume ukapanda kwenye mifupa ya mgongo. Hospitali ya mbali walikompeleka ilimpa chupa ya mofini ya kumtosha wiki mbili, na karatasi iliyosema kwamba chupa nyingine aipate kwenye zahanati iliyo karibu na nyumbani. Chupa ilikwisha siku ya kwanza ya Rajab. Siku hiyo hiyo kitanda kilishuka vidole vitatu, na hakikuacha kushuka.

Majirani walikuja wakaona, wakasema maumivu ni mazito na udongo wa Garsen ni mwepesi wa kumeza. Mtu aliyekwisha kuona ng'ombe akizama kwenye tope la mtoni hakuhitaji kuelezwa zaidi. Wanaume sita, wote waliozoea kunyanyua ng'ombe wa namna hiyo, walishika miguu ya kitanda na mbavu zake wakavuta mpaka mishipa ya shingo ikawatoka. Kitanda hakikusogea. Waliomba radhi wakanawa mikono, wakanywa chai. Shimo lenyewe lilikuwa na kuta zilizonyooka, kazi safi, na udongo uliotoka humo ulionekana kila asubuhi nyuma ya nyumba umerundikwa vizuri, kama anavyourundika mtu anayeijua kazi ya kuchimba.

Galma alikuwa akiijua. Alichimba visima kumi na saba kwenye mbuga, vya kunyweshea ng'ombe wa Waorma wenzake wakati wa kiangazi. Alipolala pale chini hakuacha kuangalia ukuta ulio mbele ya uso wake. Alimwambia mkewe lini udongo mweusi umekwisha na lini mchanga umeanza. Nimo, binti yao aliyeolewa Mombasa, alipiga simu kila siku baada ya adhuhuri.

“Baba amefika wapi?”

“Kwenye udongo mweusi bado,” alijibu Asli.

“Aah. Basi ana nafuu.”

Daktari Fahad wa zahanati alikuja Jumatatu na Alhamisi. Alikuwa kijana mwenye ndevu fupi na mkoba wa ngozi bandia, mtu wa swala, na hakuwahi kufika mikono mitupu. Alileta panadol. Alikaa ukingoni akaiachia miguu yake ining'inie shimoni.

“Mzee, habari za huko chini?”

“Huko chini kwema. Kuna ubaridi. Nyinyi huko juu mnaungua tu.”

Fahad alicheka, akapima kwa kamba, akaandika kwenye faili. Mahali palipoandikwa uzito aliandika kina, kwa kuwa faili halikuwa na mahali pa kina. Asli alimuuliza habari ya mofini. Fahad akamjibu kama alivyomjibu juma lililopita, kwamba ipo kwenye orodha. Siku moja alimwonyesha. Alifungua daftari kubwa na kidole chake kikateremka mpaka kwenye jina. Halafu alifungua kabati. Kwenye rafu ya tatu palikuwa na kibandiko chenye jina lile lile, kwa herufi nzuri, na nyuma ya kibandiko mahali patupu palipofutwa vumbi.

“Tunaiagiza kila mwezi,” alisema Fahad. “Na kila mwezi napafuta.”

Asli alirudi na karatasi mpaka ile hospitali ya mbali, safari ya siku nzima kwenda na siku nzima kurudi. Walimwambia mgonjwa aje mwenyewe.

Nyevu, jirani wa upande wa pili wa ua, Mgiriama aliyeuza mihogo ya kukaanga penye stendi, aliingia siku moja na chupa ndogo ya dawa ya kikohozi. Ndani hamkuwa na dawa ya kikohozi. Mlikuwa na mafuta ya rangi ya kijani kibichi, mazito.

“Mama Nimo, hii si ya kuvuta. Hapa hakuna moshi. Ni majani yamechemshwa na mafuta ya nazi mpaka yakatulia. Matone matatu, basi.”

“Majani gani?”

“Wewe nawe! Majani yale chifu anayoyachoma hadharani, na watu wote wakasongamana upande unaokwenda moshi.”

Asli hakucheka. Nyevu naye akaacha kucheka.

“Baba yangu alikuwa na nyonga iliyooza,” alisema. “Hakulewa hata siku moja. Alilala, akaamka, akadai samaki. Tangu mwaka uanze tulikuwa hatujamsikia akidai kitu.”

“Nyevu,” iliita sauti ya Galma kutoka shimoni, “mimi niko chini, si kiziwi. Hiyo bangi ni halali?”

“Waniuliza mimi, mzee? Mimi na dini yenu wapi na wapi? Mimi najua inafanya kazi.”

“Hata mwizi anafanya kazi.”

“Na hivyo unavyozama ni kazi ya nani?”

Galma alishika mbavu za kitanda. Maumivu yalikuja, na kitanda kikashuka unene wa ukucha. Yalipopita alisema polepole kwamba katika visima vyake kumi na saba hakuna ng'ombe aliyenywa maji ya dhuluma. Safari yake ilikuwa imekaribia. Hakutaka kufika huko akiwa na kitu mdomoni asichojua hukumu yake. Wakimwambia kinaruhusiwa atakinywa, tena kwa shukrani.

“Nenda kamuulize Ustadhi,” alimwambia mkewe.

Nyevu aliiacha chupa dirishani. Hakusema mafuta yale yametoka wapi, na Asli hakuuliza.

Ustadh Mukhtar alifundisha madrasa na kuswalisha watu, na alijulikana kwa kutojibu swali njiani. Alimkaribisha Asli kwenye baraza la madrasa, akamuuliza ni matone mangapi, yamechanganywa na nini, mgonjwa anapoteza akili au hapotezi, na nani ameyajaribu. Akaomba siku mbili asome. Siku ya tatu alifika, akavua ndala zake, akakaa ukingoni palepale alipozoea kukaa Fahad.

“Galma, nimesoma,” alisema. “Pombe imefungiwa mlango, hata ikiitwa dawa. Mmea huu wanachuoni wameuzungumza peke yake. Wapo waliokataa kabisa, wakasema Mungu hakuweka ponyo ndani ya haramu. Na wapo wa madhehebu yetu waliosema kuwa, maumivu yakiwa makubwa, pasiwe na dawa ya halali ya kushika mahali pake, na tabibu Mwislamu mwadilifu akathibitisha hivyo, basi mtu atumie kwa kadiri ya haja yake tu. Mimi moyo wangu uko kwa hawa. Anayekufa njaa ameruhusiwa mzoga. Lakini hakuruhusiwa akiwa na mkate mfukoni.”

“Mfuko wangu mtupu, Ustadhi. Njoo upapase.”

“Hilo aseme Fahad. Akisema hakuna dawa nyingine, mimi nitasema kunywa.”

Asli alikwenda zahanati mchana uleule. Fahad alimpa kiti chake, yeye akasimama.

“Sema tu hakuna,” alisema Asli. “Neno moja. Umenionyesha mwenyewe rafu.”

“Mama, rafu ni yangu na orodha ni ya wakubwa. Nikiandika kwamba hakuna, nitaulizwa ile ambayo orodha inasema ipo imekwenda wapi. Tutakaoambiwa tumeiiba ni sisi tuliopo hapa.” Alikunja karatasi iliyokuwa mkononi mwake, akaikunjua. “Na hiyo ya Nyevu sheria haikuiwekea mahali pa kuandikwa. Nikiiandika, nimejifunga.”

Asli alipeleka jibu hilo kwa Ustadh Mukhtar kama lilivyo, bila kuongeza neno. Ustadhi alilisikiliza mpaka mwisho.

“Kwa hivyo mkate upo?” aliuliza.

“Upo kwenye orodha,” alisema Asli.

Ustadhi alitafuta kalamu. Alisema atawaandikia mashekhe wakubwa. Aliandika siku hiyo hiyo.

Mwezi ishirini na saba Rajab Galma alikuwa kwenye dhiraa tatu na vidole tisa. Chakula kilimfikia kwa kikapu kilichofungwa kamba, na Asli alishuka kwa ngazi kumgeuza ubavu. Mchana wa siku hiyo alikuwa akitoa sauti ambayo mbuzi walipoisikia waliacha kula. Asli alimimina chai ya maziwa, akatazama dirishani, akatia matone matatu. Aliikoroga mpaka rangi ikapotea. Akateremsha kikapu.

Ilipofika alasiri watu walikuja kusoma uradi wa Miraji. Walipochungulia walimkuta Galma karibu nao kuliko walivyomwacha juzi.

“Mashaallah, leo umepanda,” walimwambia, wakampa tende mkononi bila kutumia kikapu. Galma alikula tatu. Aliuliza bei ya madume sokoni, na alipoambiwa alisema hao wanunuzi wa siku hizi wanatazama pembe na kusahau magoti. Watu walicheka. Walipoondoka Asli alipima. Kitanda kilikuwa kimepanda vidole kumi na vinane.

“Mama Nimo,” aliita Galma.

“Naam.”

“Asubuhi nilikuwa kwenye mchanga, ule wenye vipande vya kombe. Sasa hivi ninatazama udongo mweusi. Kisima hakijifukii chenyewe.”

Asli alishuka ngazi, akakaa penye miguu yake, akamwambia. Hakujitetea. Galma alisikiliza macho yakiwa yamefumbwa.

“Ilikuwa wakati gani?”

“Baada ya adhuhuri.”

“Basi ndipo niliposahau kwamba nina mgongo.” Alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. “Sikujua, kwa hivyo haliko juu yangu. Wewe ulinihurumia, na lako liko kwa Mungu, naye ni mwenye huruma kukushinda. Lakini sasa najua. Usinipe tena mpaka waseme.”

“Na wasiposema?”

Galma alimuuliza kama yule mbuzi mweupe ameshazaa. Asli akasema bado.

Kesho yake asubuhi alikuwa amerudi kwenye mchanga, na vidole vitatu zaidi.

Mwezi mosi Shaabani walikutana wote pale ukingoni: Ustadh Mukhtar, Daktari Fahad, na Chifu Godhana, ambaye alikuja na futi ya chuma ya serikali kwa sababu kamba si kipimo cha ofisi. Futi ilisema mita moja na sentimita sabini na nane. Kamba ilisema dhiraa tatu na vidole ishirini na kimoja. Walikubaliana kwamba ni mamoja.

“Mimi sina dawa wala kitabu,” alisema Chifu Godhana. “Ninachosema ni hiki. Nikiona karatasi yenye muhuri wa daktari, Garsen ina mambo mengi ya kutazamwa na macho yangu.”

“Na mimi nikiona barua kutoka juu,” alisema Fahad, “muhuri ninao hapa.”

“Na mimi nikisikia neno la daktari,” alisema Ustadhi, “yangu yameshakwisha.”

Asli alikuwa amesimama mlangoni na birika. Alisema alimpa matone matatu siku ya Miraji, na kitanda kikapanda vidole kumi na vinane, na alipima mara mbili. Aliyasema kwa sauti ya kawaida, akaendelea kumimina chai. Hakuna aliyemkemea. Fahad aliandika kwenye faili vidole kumi na vinane, akatazama alichoandika, akachukua rula akakikata kwa mstari ulionyooka. Chifu Godhana alihesabu misumari ya paa. Ustadh Mukhtar alisema kwa sauti ya chini kwamba ushahidi ni mzuri na yeye ameukubali, ila ushahidi si tabibu.

Galma alicheka huko chini, kicheko kilichokatika katikati.

“Nyinyi hamjawahi kunywesha ng'ombe,” alisema. “Kisimani, mmoja anakuwa chini kabisa, ndani ya maji. Huyo ndiye anayechota. Wa pili anasimama juu yake, anapokea ndoo, anampa wa tatu. Nawaona hapo juu mmejipanga watatu, mikono yenu tayari. Wa kuchota ni nani?”

Walinywa chai. Nje mnada wa mbuzi ulikuwa ukiendelea na mtu alikuwa akitaja bei kwa sauti ya kuimba.

“Na toka mmoja mpaka mwingine,” aliendelea Galma, “ni kimo cha mtu na mkono wake alioinua. Sisi hatuzidishi wala hatupunguzi. Dhiraa nne na nusu.”

“Hicho ndicho kipimo cha kaburi pia,” alisema Ustadhi. Akaonekana kama anayetamani kulirudisha neno lile.

“Najua. Ndiyo sababu kila asubuhi namuuliza Mama Nimo ngapi.”

Waliondoka mmoja mmoja. Fahad aliacha panadol. Ustadh Mukhtar hakwenda nyumbani. Alikwenda zahanati akaomba afunguliwe kabati, akapeleka mkono wake nyuma ya kibandiko, mpaka ndani kabisa, akapapasa ubao. Fahad alisimama nyuma yake na ufunguo. Baadaye Ustadhi aliandika barua ya pili kwa mashekhe, ndefu kuliko ya kwanza, na ndani yake akaeleza rafu.

Siku zilizobaki Asli alizikaa chini zaidi ya juu. Alishuka asubuhi baada ya kupima, akapanda kuswali na kupika, akashuka tena. Kulikuwa na ubaridi kweli, na harufu ya mto. Galma alisema maji hayako mbali, anayasikia. Maumivu yalipokuja aliimba ule wimbo wa kunywesha, ambao wanaume huuimba ili ndoo zipande kwa mpigo mmoja. Aliimba sehemu ya mtu wa chini. Asli hakuwa amewahi kuimba kisimani, kwa kuwa ile ni kazi ya wanaume, lakini tangu yu msichana alikuwa akiusikia kutoka kwenye mahema. Alijibu sehemu ya mtu wa pili.

Siku moja alishuka na chupa ya Nyevu imefungwa kwenye pindo la leso yake. Galma aliona fundo.

“Iko hapo?”

“Iko.”

“Ipeleke juu.” Alipumua. “Iweke mahali mkono wangu hauwezi kufika. Ikikaa karibu nitaiomba, Mama Nimo. Nitaiomba, nawe utanipa.”

Asli alipanda ngazi akairudisha dirishani. Alipokuwa huko juu alisimama kidogo, akitazama mbuzi mweupe ambaye alikuwa amezaa pacha, kisha akashuka kumwambia.

Galma alisema jambo moja zaidi, siku ya mwezi tano. Alisema wasimchimbie lingine. “Kazi hii nimeimaliza mwenyewe,” alisema. “Ni shimo zuri. Tazama kuta.”

Mwezi sita Shaabani Asli alikamua mbuzi, akachukua kamba. Kijiwe kilichukua muda kufika. Alihesabu mafundo manne, na baada ya hapo vidole kumi na viwili, na hakikubaki hata kidole kimoja cha kuongeza.

“Ngapi?” aliuliza Galma.

“Nne na nusu.”

“Basi,” alisema.

Alitoa shahada kwa sauti iliyosikika vizuri mpaka mlangoni. Asli aliendelea kuishika kamba. Baada ya muda aliona kwamba imelegea mkononi mwake, ingawa hakuilegeza.

Galma alikuwa mwepesi. Wanaume wawili walimpandisha bila ngazi kutikisika, na kitanda alikipandisha mtu mmoja kwa mkono wa kushoto. Shimo lilibaki palepale. Walipomwosha, Asli alieleza wasia wake, na watu wakamgeukia Ustadh Mukhtar wamsikie kama inafaa kumzika mtu ndani ya nyumba yake.

Ustadhi alijibu akiwa bado na ndala mkononi. Alisema haipendezi, kwani mahali pa Mwislamu ni makaburini pamoja na wenzake. Lakini ardhi ni yake, na ameusia, na mto umefunika njia ya makaburini tangu juzi, kwa hivyo inaruhusiwa. Chifu Godhana alisema lingeandikwa ingekuwa vizuri zaidi, na Ustadhi akaliandika akiwa amesimama. Fahad alifungua mkoba akaandika cheti cha kifo, sababu ya kifo, tarehe na saa, akapiga muhuri. Chifu aliandika kibali cha mazishi juu ya goti lake. Karatasi zote tatu zilikuwa mkononi mwa Asli kabla ya adhuhuri.

Alizipanga, ndogo juu ya kubwa. Alizisoma moja moja, taratibu, kama mtu anayesoma risala. Kisha alimtazama Ustadhi, akamtazama Fahad, akamtazama Chifu. Wote watatu walikuwa wakitazama muhuri, ambao wino wake ulikuwa haujakauka.

Waliochimba hawakuwa na kazi kubwa. Walikata mwanandani upande wa kibla, wakamlaza. Udongo waliutoa kwenye lile rundo la nyuma ya nyumba. Ulijaza shimo ukatosha tuta, na pale nyuma hapakubaki hata sepetu moja ya udongo.

Arubaini ilipopita Asli aliwaita dada zake wawili. Kwa Waorma wanawake ndio wanaojenga nyumba, na wanajua kuihamisha. Walifungua mabati, wakang'oa nguzo, wakaisimamisha nyumba hatua ishirini kando, ili kaburi lipate hewa na mvua kama makaburi mengine. Ukuta wenye mistari ya mkaa ulivunjika walipoubomoa. Chupa ya Nyevu ilihamia dirisha jipya, imepungua matone matatu.

Jibu la mashekhe lilikuja Ramadhani ikiwa katikati. Lilikuwa kurasa mbili, limeandikwa kwa adabu na kwa ujuzi. Lilisema kwamba inaruhusiwa, ikiwa maumivu ni makubwa, na ikiwa tabibu Mwislamu mwadilifu atathibitisha kwamba hakuna dawa nyingine. Ustadh Mukhtar alimletea Asli alisome usiku, baada ya futari. Alikaa na kofia yake magotini mpaka alipomaliza.

“Ni yale yale uliyosema,” alisema Asli.

“Ni yale yale,” alisema Ustadhi, na machozi yakamtoka. Asli alimmiminia chai.

Baada ya Idi ya kuchinja, eda ya Asli ilipokwisha, Fahad alikuja kuazima kamba. Huko Chara, alisema, kuna mama mmoja anaitwa Ruwaida, ana uvimbe kwenye titi uliokwisha kupasuka. Kitanda chake kimeanza. Futi ya Chifu ilikuwa imeshika kutu.

“Nyumbani kwake hakuna anayejua kupima,” alisema Fahad.

“Kamba yenyewe haina maana bila mkono,” alisema Asli. “Nitakuja.”

Njiani walipita zahanati kuchukua panadol. Kabati lilikuwa wazi. Rafu ya tatu ilikuwa imefutwa vumbi asubuhi hiyo.

Ruwaida alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kuzoea kuita watu ng'ambo ya mashamba ya mpunga. Kitanda chake kilikuwa karibu na dirisha, na miguu yake ilikuwa imezama kiasi cha kumfanya mgeni ainame kumpa mkono. Mashangazi wawili walikuwa kwenye mkeka wakichambua mchele. Walimpisha Asli, wakamletea chai, wakaendelea kuchambua.

“Mama Nimo,” alisema Ruwaida, “wewe nasikia uliuliza. Ile ya matone. Usinifiche. Wanasemaje?”

“Wanasema inaruhusiwa.”

“Alhamdulillahi.”

“Ikiwa daktari atasema hakuna dawa nyingine.”

Ruwaida aligeuza kichwa kumtafuta Fahad. Fahad alikuwa nje, akiwaonyesha watoto jinsi ya kufunga mlango wa banda la kuku, jambo ambalo watoto walikuwa wakilijua.

“Na daktari anasemaje?”

“Anasema ipo kwenye orodha.”

Shangazi mmoja aliokota jiwe kwenye mchele akalitupa nje ya mlango. Asli alifungua pindo la leso yake akatoa chupa. Aliangalia mkono wa Ruwaida ulipolala juu ya shuka, akakadiria urefu wake, akaiweka chupa juu ya rafu ya ukutani, mahali ambapo mkono ule usingefika. Kisha alichuchumaa kando ya kitanda, akafunga kijiwe nchani mwa kamba, akakiteremsha.

“Vidole saba,” alisema.